MAJINA YA BARABARA NA DENI LA DAFTARI

Bwana Mhariri,

Twakuomba utupe nafasi katika gazeti la chama chetu tuseme neno juu ya jambo ambalo wengi hulipita kila siku, kwa miguu, kwa baiskeli na kwa basi, wala hawalitazami. Jambo lenyewe ni majina ya barabara na madaraja. Twajua ya kuwa wako watakaocheka na kusema, "Makarani hawa hawana kazi, mshahara hautoshi, nyumba hakuna, nao wanabishana juu ya vibao vya njiani." Twawaomba wenye kucheka wasome mpaka mwisho, kisha wacheke kama bado wana haja ya kucheka.

Neno letu ni hili, nasi twalisema waziwazi tangu mwanzo asije mtu akatusingizia jingine. Barabara na daraja ni mali ya watu wote, na jina liandikwalo juu yake ni hati ya shukrani ya watu wote. Hati hiyo huandikwa kwa ajili ya wakubwa karibu peke yao. Askari wa cheo cha chini, mpagazi, polisi wa zamu, dereva, muuguzi na tarishi waliokufa katika kazi ya nchi hawamo. Na sababu ya kutokuwamo kwao si uchache wa barabara, wala si uchache wa fedha za vibao. Sababu ni daftari; na daftari, ndugu zetu, ni kazi yetu sisi.

Tuanze na mfano ulio mbele ya macho ya kila mtu. Katikati ya Dar es Salaam, katika Barabara ya Samora, imesimama sanamu ya askari wa shaba, ameshika bunduki yenye singe, ameielekeza bandarini. Iliwekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918. Mahali pale pale zamani palikuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann, iliyowekwa mwaka 1909. Waingereza walipoutwaa mji mwaka 1916 wakaiondoa; baadaye ikafika Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwaka 1968. Barabara yenyewe nayo imevuliwa majina na kuvikwa mengine: ilipewa jina la miti ya migunga, ikaja ikapewa jina la uhuru, na leo ni ya Samora Machel wa Msumbiji. Tazameni basi jinsi majina ya wenye nguvu yanavyopanda na kushuka. Askari wa shaba peke yake amebaki mahali pake.

Lakini twauliza: askari yule ni nani? Baba yake nani? Alitoka Tabora, au Songea, au Machakos? Alikufa wapi, kwa risasi au kwa kuhara? Hana jina. Sanamu wenzake wa Nairobi na Mombasa nao hawana majina. Twaambiwa sanamu ile ni ya askari wote. Nasi twajibu kwamba kitu kikiwa cha wote bila kumtaja hata mmoja, mara nyingi si cha mtu yeyote. Mjukuu hawezi kwenda pale akamwonyesha mwanawe kwa kidole na kusema, "Huyu ndiye babu yetu." Aweza kusema tu, "Huenda babu yetu alifanana na huyu."

Wala si kwamba desturi ya kuandika majina haikujulikana siku zile. Tume ya Makaburi ya Vita, ile ya Uingereza na himaya yake, ilianzishwa mwaka 1917 kwa kanuni kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kutazama cheo, rangi wala dini. Kanuni ilikuwa nzuri, nayo ilifuatwa Ulaya hata kwa askari wa mwisho kabisa katika kikosi. Kwetu haikufuatwa. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa taarifa ya kamati yake maalumu ikakiri ya kuwa watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wakaomba radhi. Sisi hatukatai radhi. Lakini radhi iliyokuja baada ya miaka 100 na zaidi imekuta mjane amekwisha kufa, mtoto amekwisha kufa, na mjukuu ni mzee asiyejua aulize wapi.

Wanahistoria hukadiria ya kuwa wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao katika vita vile walikaribia 100,000, na wako wasemao walizidi. Wengi hawakufa kwa risasi; walikufa kwa njaa, kwa homa, kwa kuhara na kwa uchovu, wakiwa wamejitwika unga na risasi za watu wengine. Na hapa, ndugu makarani, twawaomba mtege masikio, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Sehemu kubwa ya mishahara ya wapagazi wale waliokufa haikuwafikia warithi wao. Jina lilipopotea, fedha nayo ilipotea. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Twaona sasa ya kuwa si mali tu. Hata mtu bila daftari hupotea bila habari.

Wenyeji wa Dar es Salaam walifanya kwa midomo yao lile ambalo wakubwa wa wakati ule hawakulifanya kwa kalamu. Mahali walipopigishwa kambi wapagazi wa jeshi pakaitwa Kariakoo, nalo ni jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps, lililotafunwa na ndimi zetu mpaka likawa letu. Nairobi nako iko Kariokor, neno lile lile kwa matamshi mengine. Na soko la Burma katika mji huo latukumbusha vijana wa Afrika Mashariki waliopelekwa kupigana na Wajapani katika vita vya 1939 mpaka 1945. Majina haya ni urithi, nasi twayaheshimu. Lakini hata hayo ni majina ya kundi na ya mahali, si ya watu. Mtu huenda Kariakoo kununua kanga na sufuria, au kubishana juu ya Simba na Yanga, wala hajui kwamba anakanyaga kambi ya watu waliobeba vita vya wengine mabegani mwao.

Asije mtu akatuambia hayo yalikuwa mambo ya wakoloni, na kwamba sasa tunajitawala. Kweli tunajitawala, na kwa kuwa tunajitawala, hatuna tena mtu wa kumtupia lawama. Tutazame basi yale tuliyoyafanya wenyewe.

Daraja la Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003, laitwa Daraja la Mkapa. Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016, ni Daraja la Nyerere. Daraja la Kigongo na Busisi, lililovuka maji ya Ziwa Victoria na kufunguliwa mwaka 2025, lina jina la Rais Magufuli. Iko Barabara ya Sokoine, na kwa haki kabisa, kwa kuwa Edward Sokoine, Waziri Mkuu, alikufa kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili 1984 akitoka Dodoma katika kazi ya nchi. Hatuna kinyongo na hata mmoja wa viongozi hawa. Waliongoza, na aliyeongoza hukumbukwa.

Tena twakiri kwa furaha ya kuwa mlango umekwisha kufunguliwa hata kwa watumishi ambao si wanasiasa. Mwaka 2018 daraja la juu la pale TAZARA lilipewa jina la mhandisi Patrick Mfugale, Mtendaji Mkuu wa Wakala wa Barabara, aliyeyatumikia madaraja ya nchi hii kwa miaka mingi. Mwezi Februari 2021 Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, alifariki dunia. Na siku chache tu baada ya kifo chake madaraja ya makutano ya Ubungo yakafunguliwa na kupewa jina lake. Sisi watumishi tulifurahi. Tulisema: hatimaye mtu wa mafaili ameandikwa juu ya zege!

Lakini furaha isitufumbe macho. Mmoja alikuwa mkuu wa wahandisi wa barabara. Mwingine alikuwa mkuu wa watumishi wote. Daraja la heshima limefika mpaka kilele cha Utumishi, halijashuka ngazi. Na jambo la Ubungo limetufundisha jingine pia. Mara nyingi tukiuliza kwa nini fulani aliyekufa kazini hakukumbukwa, twajibiwa ya kuwa taratibu ni ndefu, kamati haijakaa, jalada liko kwa mkubwa. Kumbe palipo na nia, siku chache zatosha! Basi kuanzia leo tusidanganyane kwa urefu wa taratibu.

Sasa twawataja wale ambao twaona deni lao lingali likidai.

Tarehe 13 Aprili 2017, huko Kibiti, mkoani Pwani, askari polisi 8 waliviziwa na kuuawa walipokuwa wakirejea kutoka lindoni. Walikuwa watumishi wa zamu, watu wa mshahara mdogo kama sisi. Tarehe 7 Desemba ya mwaka huo huo, huko Semuliki, mashariki ya Kongo, askari wetu wasiopungua 14 waliuawa katika kambi yao walipokuwa wakilinda amani ya watu ambao si ndugu zao kwa damu. Na kabla ya hao wako wale wa vita vya Kagera. Mwezi Novemba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivunja daraja la Kyaka ili jeshi letu lisivuke. Lakini jeshi letu likavuka. Mamia ya waliokufa katika vita vile wamelazwa Kaboya, katika mkoa ule ule wa Kagera. Mashairi yaliimbwa, mashada yaliwekwa, na kila tarehe 25 Julai twawakumbuka mashujaa wote kwa pamoja.

Kwa pamoja! Hapo ndipo tunapogombana na desturi hii. Neno "mashujaa" ni neno zuri, nalo limegeuzwa kuwa shuka la kufunikia uvivu. Twaita barabara "Mashujaa", twaita uwanja "Mashujaa", twaita shule "Mashujaa", kisha twarudi nyumbani tumeridhika kwamba tumelipa. Hatujalipa. Tumemsimamisha yule askari wa shaba mara ya pili, safari hii kwa rangi juu ya bati. Mkoloni hakumjua askari wake kwa jina kwa sababu hakutaka. Je, sisi tuna udhuru gani, nasi tumesoma naye shule moja, tumekula naye sahani moja, na nambari yake ya ajira iko katika masjala yetu?

Nafasi kubwa ilitujia mwaka 2022, kabla ya Sensa ya mwezi Agosti, wakati wa kazi ya anwani za makazi. Nchi nzima, mjini na kijijini, kila njia ilitakiwa ipate jina na kila nyumba ipate nambari. Tangu nchi hii iwe nchi, haijapata kuhitaji majina mengi namna ile kwa muda mfupi namna ile. Watendaji wa mitaa wakaenda huku na huku na madaftari. Nasi tuliona kwa macho yetu, katika mitaa tunayokaa, njia zikiitwa kwa mti uliosimama pembeni, kwa duka, kwa kisima, au kwa mwenye nyumba ya ghorofa. Hatuvunji heshima ya mwembe, kwa maana hata mwembe una kivuli chake. Lakini pengine katika njia hiyo hiyo alizaliwa kijana aliyezikwa Kaboya, na mama yake alikuwa bado hai, akikaa barazani akiwatazama wapita njia. Hakuna aliyemwuliza. Na hakuna aliyemwuliza kwa sababu hakuna aliyempa mtendaji wa mtaa orodha.

Sasa tuwajibu wenye hoja, maana si vema kusema upande mmoja tu.

Kwanza, wako wasemao: "Mjane hali kibao. Mpeni fedha yake kwanza, majina baadaye." Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nasi twaiinamia. Ni aibu kubwa kuandika jina la marehemu juu ya daraja ilhali mkewe anapanda basi kila mwezi kuja kuuliza habari za mirathi, na kuambiwa njoo kesho. Ni nani kati yetu hajamwona mjane huyo, ameshika bahasha iliyochakaa, karatasi imekatika katika mikunjo, akiambiwa cheti hiki kina herufi moja tofauti na jina la katika jalada? Lakini tazameni vizuri. Kinachomzuia mjane asipate kiinua mgongo cha mumewe ndicho hicho hicho kinachomzuia marehemu asipate jina: jalada lisilotunzwa. Anayetaka haki ya mjane na anayetaka jina la marehemu si maadui. Wote wawili wanagonga mlango mmoja, mlango wa masjala. Kwa hiyo twasema malipo yatangulie, na jina lifuate nyuma yake bila kuchelewa. Wala lisitumike hata siku moja kuwa badala ya malipo.

Pili, wako wasemao: "Mkianza kutaja watu wadogo mtaleta ugomvi. Kabila hili litasema limepunjwa, dini ile itasema imesahauliwa." Twajibu kwamba ugomvi huletwa na upendeleo, na dawa ya upendeleo ni kanuni. Kanuni ikiwa ni hii, kwamba aliyekufa akitumikia taifa ataandikwa katika wilaya aliyozaliwa au mahali alipoanguka, kwa kufuata tarehe ya kifo, basi kabila haliingii wala dini haiingii. Kifo chenyewe hakikuchagua. Mbona wakubwa wanapotajwa hatusikii hofu hii ya ugomvi? Yaonekana ugomvi huogopwa wakati wa kuwashukuru wadogo tu.

Tatu, wako wasemao ya kuwa jambo hili halijapata kufanywa mahali popote. Hawa hawajasoma. Katika jimbo la Ontario, nchini Kanada, iko sheria ya mwaka 2002 iruhusuyo madaraja ya barabara kuu yapewe majina ya polisi waliouawa kazini. Katika jimbo la California, nchini Marekani, Baraza hupitisha maazimio ya kukipa kipande cha barabara kuu, au daraja, jina la askari wa doria aliyekufa kazini, pamoja na cheo chake, hata kama alikuwa wa cheo cha chini. Na gharama ya kibao hutoka katika michango, si katika hazina. Hatusemi tuwaige watu wa mbali katika kila jambo. Twasema tu ya kuwa lisilowezekana kwetu limewezekana kwa wengine, nao hawana mikono mitatu.

Nne, wako wasemao: "Majina ya kale yatafutika." Hofu hii tunayo sisi pia. Kyaka ibaki Kyaka, na Kariakoo ibaki Kariakoo. Jina lililopandwa na watu lising'olewe na wakubwa. Lakini daraja laweza kubaki na jina la mahali pake na bado likabeba kibao cha majina ya waliokufa ili livukwe. Tena madaraja mapya hujengwa kila mwaka, na makalavati, na njia za mzunguko, na vituo vya mabasi. Mengi huitwa kwa nambari ya mkataba mpaka mtu akumbuke kuyapa jina. Nafasi zipo.

Tano, tuguse jambo ambalo wengi hulinong'ona. Ni vigumu kumwita mtu shujaa wakati angali akitia sahihi. Jina apewalo mwenye cheo angali katika cheo, hata akiwa anastahili, halijulikani kama ni shukrani au ni kujipendekeza. Naye mwenyewe huonewa, kwa kuwa sifa yake ya haki huchanganyika na sifa ya uongo. Marehemu hatoi cheo, hampandishi mtu daraja, wala hamhamishi mtu aliyemkosea. Kwa sababu hiyo shukrani kwa marehemu ndiyo shukrani safi. Na marehemu asiyekuwa na cheo, asiye na mwana waziri wala ndugu tajiri, huyo ndiye kipimo hasa cha moyo wetu. Kumheshimu aliyekuwa mkubwa ni desturi. Kumheshimu aliyekuwa mdogo ni haki.

Basi tumefika kwetu wenyewe, ndugu wanachama, na hapa hatutamtupia mtu mwingine mzigo. Nani aandikaye barua ya ajira? Karani. Nani atunzaye jalada? Karani. Nani apokeaye taarifa ya kifo, akaitoboa kwa kitoboleo na kuifunga kwa kamba? Karani. Nani aandaaye orodha ya mapendekezo kabla haijamfikia mkubwa? Karani. Waziri hawezi kutia sahihi juu ya jina ambalo halikuandikwa. Rais hawezi kumkumbuka mtu ambaye hakuna dokezo lililomtaja. Sisi ambao hulalamika kila siku kwamba watumishi wadogo hawathaminiwi, ndio wenye kalamu ambayo kwayo watumishi wadogo huonekana au hupotea. Wazee wetu walioanzisha chama cha kwanza cha watumishi Waafrika huko Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba na wenzake, hawakuwa na mali wala silaha. Walikuwa na kalamu na karatasi, na wakaona zatosha kuanzia.

Kwa hiyo twaleta mapendekezo haya mbele ya mkutano wa mwaka, nasi twawaomba matawi yote yayajadili:

1. Kila idara na kila halmashauri iwe na daftari moja la watumishi waliokufa kazini, bila kubagua cheo. Aandikwe jina kamili, jina la baba, mahali pa kuzaliwa, kazi yake, tarehe na namna ya kifo, na majina ya warithi. Daftari lifungwe kwa jalada gumu, wala lisiwe karatasi za kupeperuka.

2. Daftari hilo lioneshe kama malipo ya warithi yamekamilika. Jina lisipelekwe kwa heshima ya barabara au daraja bila mbele yake kuandikwa kwamba malipo yamekamilika. Na palipo na malipo yaliyochelewa, heshima hiyo iwe sababu ya kuyaharakisha.

3. Wakuu waombwe kwamba katika kila barabara mpya au daraja jipya, walau kibao kimoja kiwe cha mtumishi au askari wa cheo cha chini aliyekufa kazini, mzaliwa wa wilaya ile au aliyeanguka pale.

4. Kibao kiandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi zisomekazo na mpita njia, kikitaja jina, kazi, mwaka wa kifo na sababu ya kukumbukwa. Neno "Mashujaa" peke yake lisikubaliwe.

5. Viongozi walio hai wasipewe barabara wala daraja, wakaachiwa zamu yao ifike.

6. Matawi yetu ya Kagera na Pwani yaanze, bila kungoja amri ya mtu, kukusanya majina ya waliotajwa katika barua hii kutoka kwa jamaa zao, kwa idhini ya jamaa wenyewe, na kuyapeleka kwa watendaji wa mitaa na vijiji vyao.

Wako watakaosema hilo la sita ni dogo. Ni dogo kweli. Lakini ndilo peke yake ambalo hatuhitaji ruhusa ya mtu kulianza Jumatatu asubuhi. Yale matano ya kwanza yanangoja wakubwa. Hili la sita lamngoja karani mwenye kalamu na nauli ya basi.

Tumesema kwa ukali kidogo, nasi hatuombi radhi kwa ukali huo, kwa kuwa tumewasemea wasioweza kusema. Mtu huvuka daraja kwa dakika moja, akafika ng'ambo, akaendelea na safari zake. Si vibaya akiwa anavuka asome jina la mtu aliyekuwa na mshahara kama wake, nyumba kama yake na watoto kama wake, akajua ya kuwa nchi hii huwaandika watu wake. Atafanya kazi vizuri zaidi akilijua hilo. Na askari atakwenda lindoni usiku akijua kwamba asiporudi, kuna karani mahali fulani atakayechukua kalamu, akafungua daftari, akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, pasipo kosa.

Sisi, watumishi wenzenu,
Makarani wa Masjala